Vita Kabla ya Vita: Kiswahili cha Rais wa Vita na Mafunzo ya Walimu wa Historia Rufiji na Kibiti

1.0 Utangulizi

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alikuwa mwalimu wa historia kabla ya kuwa rais, na alikuwa rais kwa miaka mingi kabla ya kuwa rais wa vita. Aliporejea kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 alipata ajira katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na akafundisha huko hadi Machi 1955 alipojiuzulu ili aitumikie TANU. Miaka 23 baadaye, tarehe 2 Novemba 1978, Watanzania walimsikia redioni akiwaeleza kwamba nchi imevamiwa na kwamba itapigana. Lugha aliyoitumia siku hiyo ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho kiini cha mhadhara huu.

Suala hili limepata uzito mpya kutokana na mabadiliko ya mitaala. Kuanzia mwaka 2024, kufuatia mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023, somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilianza kufundishwa kwa Kiswahili katika shule za sekondari. Mwalimu anayelifundisha, kwa kawaida, alisoma historia yake ya sekondari na ya chuo kikuu kwa Kiingereza. Anapotakiwa kuifundisha kwa Kiswahili, yeye na wanaomwandalia mafunzo kazini huelekea kuona kwamba tatizo ni la istilahi: apewe orodha ya maneno, ayakariri, aingie darasani. Mhadhara huu unadai kwamba tatizo si hilo, au si hilo tu. Vita vya Kagera vilitangazwa kwa Kiswahili, vikasimuliwa kwa Kiswahili na vinakumbukwa kwa Kiswahili. Hapa lugha si chombo cha kusafirishia historia iliyoandaliwa mahali pengine; ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Mwalimu wa historia anahitaji kufundishwa kuisikiliza.

Bonde la Rufiji, delta yake na nchi ya Kibiti vimechaguliwa kuwa mfano kwa sababu maalumu. Maeneo hayo yako mbali sana na Mto Kagera, na makaburi ya mashujaa wa vita hivyo yaliyoko Kaboya hayawezi kutembelewa na mwanafunzi wa Kibiti kwa safari ya siku moja. Hata hivyo, watu wa Rufiji walikuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kukutana na msamiati wa vita wa Rais huyo, takriban miaka tisa kabla ya risasi ya kwanza kulia Kagera. Kukutana huko hakukuwa kwa bunduki. Kulikuwa kwa neno: operesheni.

2.0 Sarufi ya hotuba ya Novemba 1978

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800, na Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Jibu la Nyerere lilikuwa hotuba ambayo sehemu yake moja inajulikana na karibu kila Mtanzania aliyepita shule: Rais alisema kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Maneno hayo matatu yamekuwa kama methali. Yanatumiwa katika mpira, katika siasa na hata katika harusi, na matumizi hayo yameyafanya yasikike kama kaulimbiu tupu. Mwalimu wa historia anapaswa kuyarudisha mahali yalipotoka na kuyachunguza kama lugha.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni mpangilio. Katika sentensi ya kawaida ya Kiswahili, kitenzi hutangulia na kinachomilikiwa hufuata. Nyerere aligeuza mpangilio huo: alitanguliza uwezo, kisha akafunga kwa tunao, akatanguliza sababu na nia, kisha akafunga kwa tunayo. Upatanisho wa ngeli hapo unafanya kazi ya kiistiari na ya kimasikizi kwa pamoja. Msikilizaji anatajiwa kitu kwanza, kana kwamba kinawekwa mezani kionekane, ndipo anaambiwa kwamba ni chake. Aidha, kiima cha vitenzi hivyo ni tu-: uwezo ulikuwa wa sisi, si wa serikali wala wa jeshi. Hotuba ilimfanya mkulima aliyekaa kando ya redio kuwa mmiliki wa vita kabla hajaulizwa.

Jambo la pili ni kiambishi cha mtendwa. Rais hakuzungumzia kuwapiga, alizungumzia kumpiga. Silabi moja, -m-, iliwatenga Waganda na mtawala wao. Vita, kwa mujibu wa sarufi hiyo, vilikuwa dhidi ya mtu mmoja. Jina la nduli, ambalo magazeti, redio na nyimbo zililiambatanisha na Amin kiasi kwamba kwa kizazi kizima likawa kama sehemu ya jina lake, lilitilia nguvu umoja huo wa nambari. Sarufi hii ilikuwa na matokeo ya kisiasa. Januari 1979 majeshi ya Tanzania yalivuka mpaka, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakamalizika Juni mwaka huo. Katika mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania kwa kuingia katika nchi nyingine. Hoja ya kwamba adui alikuwa mtu mmoja ilikuwa sehemu ya utetezi. Lakini silabi hiyo hiyo haikuweza kubeba yaliyofuata. Mtu huyo alikwisha kukimbia, na bado majeshi ya Tanzania yalibaki Uganda hadi mwaka 1981, huku serikali ya Yusuf Lule ikiwa imedumu kwa siku 68 tu. Mwanafunzi anayeulizwa nani alikuwa -m-, na nini kilitokea pale -m- alipoondoka, anaulizwa swali la kihistoria kwa njia ya sarufi.

Jambo la tatu ni neno kazi. Nyerere aliita vita hivyo kazi, tena kazi moja tu iliyobaki mbele ya taifa. Msikilizaji wa mwaka 1978 hakuwa mgeni wa neno hilo. TANU iliuingia uhuru kwa kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, na kwa miaka 17 neno hilo lilikuwa limeitia hamasa miradi ya barabara, visima, madarasa na mashamba. Kuviita vita kazi kulikuwa kuviweka katika mstari mmoja na mambo ambayo raia alikwisha kuzoea kuitiwa. Ndipo linapozuka swali la msingi la mhadhara huu: je, uhusiano huo ulikuwa wa upande mmoja? Kama vita viliweza kuitwa kazi, kazi nayo ilikuwa imekwisha kuitwa vita?

3.0 Vita bila bunduki: Rufiji 1969

Jibu ni ndiyo, tena kwa uwazi. Tangu mwanzo wa uhuru, ujinga, maradhi na umaskini vilitajwa kuwa maadui watatu wa taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwenda mbali zaidi: lilieleza kwamba nchi imo katika vita dhidi ya umaskini na unyonge, na likakosoa uamuzi wa kuichagua fedha kuwa silaha ya vita hivyo. Istiari hizi hazikuwa mapambo. Kila istiari ya vita huleta pamoja nayo mahitaji yake: adui, jemadari, nidhamu na askari ambaye haulizi sana. Jamii inapoambiwa kwamba iko vitani, ucheleweshaji huanza kufanana na usaliti.

Katika bonde la Rufiji istiari hiyo ilipata mwili. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha mwaka 1969 kazi ya kuwaondoa wakazi wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye nchi ya juu. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la Operesheni Rufiji, na ilitangulia operesheni za Dodoma na Kigoma za mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na zoezi la nchi nzima lililofuata tamko la Nyerere la Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Neno operesheni, lenye harufu ya kijeshi na ya chumba cha upasuaji kwa pamoja, lilikuwa jipya kwa wakulima wengi. Lilifika Rufiji kabla ya kufika sehemu nyingi za Tanzania.

Kilichokuwa maafa machoni pa serikali hakikuwa maafa tu machoni pa mkulima wa bondeni. Mto unaofurika kwa kiasi huacha udongo wenye rutuba, na maji yanapopungua huwezesha kilimo cha msimu wa pili ambacho wenyeji hukiita mlau. Mkulima aliyehamishiwa nchi ya juu alipata shule, zahanati na barabara karibu; lakini shamba lake lilibaki chini. Ndiyo maana watu waliendelea kushuka bondeni na kukaa katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakilinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Familia moja ikawa na makazi mawili: kijiji kwa ajili ya serikali na dungu kwa ajili ya chakula.

Hapa ndipo mwalimu wa historia anapohitaji sikio la mwanaisimu. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kueleza, kwa mnyambuliko wa kitenzi kimoja, nani alitaka, nani alisababisha na nani alitendewa. Watu walihama: kauli ya kutenda inawapa wao wenyewe uamuzi. Watu walihamia Kibiti: kauli ya kutendea inaonyesha waendako na kuacha kando sababu. Watu walihamishwa: viambishi -ish- na -w- vinaingiza mkono wa mtu mwingine, hata kama mtu huyo hatajwi. Taarifa ya ofisi huelekea kuchagua kitenzi cha kwanza au cha pili. Anayesimulia habari za nyumba yake mwenyewe anaweza kuchagua cha tatu, au kutumia vyote vitatu katika masimulizi ya dakika kumi, kwa kuwa maisha yake yana vyote vitatu: alihama kwa sababu maji yaliingia ndani, alihamia alikokuwa na jamaa, na alihamishwa kwa sababu hakuruhusiwa kurudi kujenga. Mwalimu anayeandika masimulizi hayo na kuyasawazisha yote kuwa kitenzi kimoja amefuta ushahidi bila kujua.

Jozi ya namna hiyo inajitokeza tena mwaka 1978. Jeshi liliongezwa kwa kuwaingiza wanamgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa kutoka mikoa yote. Je, kijana fulani alijitolea, alijiunga au alichukuliwa? Kiambishi -ji- na kiambishi -w- viko mbalimbali kama mashariki na magharibi, na bado mtu yule yule anaweza kuvitumia vyote kuhusu safari yake ile ile. Anayefundishwa kusikia tofauti ya kuhama na kuhamishwa katika historia ya mwaka 1969 atakuwa amejiandaa kusikia tofauti ya kujitolea na kuchukuliwa katika historia ya mwaka 1978. Atagundua pia kwamba Rais wa vita hakuzaliwa mwaka 1978. Lugha yake ilikuwa imekwisha kufanya mazoezi.

Wala lugha hiyo haikustaafu baada ya ushindi. Wananchi waliokuwa wameombwa kujifunga mkanda waliendelea kuufunga, kwa kuwa gharama za vita zilikutana na kupanda kwa bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kulikotokea mwaka 1977. Mwaka 1983, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianzishwa kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, nayo pia ikasemwa kwa msamiati wa mapambano. Neno hujuma lilihama kutoka uwanja wa adui wa nje na kuingia katika duka la mtaani.

4.0 Vita vya kale vya bonde na delta

Mwanafunzi wa Rufiji haji darasani akiwa mtupu kuhusu vita. Ngarambe, alikotoa Kinjikitile Ngwale dawa ya maji, na Mohoro, aliponyongwa na Wajerumani Agosti 1905, ni mahali katika Wilaya ya Rufiji ya leo. Vita vya Maji Maji vilipoanza Julai 1905 kwa kung'olewa pamba katika vilima vya Wamatumbi, jina la dawa lililovuka mipaka ya makabila lilikuwa neno la Kiswahili. Wamatumbi, Wandengereko na Wangindo wana lugha zao. Lakini ujumbe ulihitaji neno ambalo wote wangelishika, na neno hilo likawa jina la vita.

Delta nayo ina historia yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya mto kati ya mikoko, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa na kutumiwa na majeshi ya Wajerumani nchi kavu. Vita hivyo viliacha maneno. Manowari ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza na kukaa katika Kiswahili kana kwamba lilizaliwa pwani. Kariakoo, jina la soko kuu la Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi ambao waliibeba vita ya watu wengine mabegani.

Fasihi ya Kiswahili imeviona vita hivi kuwa vya ukoo mmoja. Abdul Karim bin Jamaliddini aliandika utenzi wa vita vya Maji Maji. Henry Muhanika aliandika utenzi wa vita vya Kagera, uliochapishwa mwaka 1981. Bahari moja ya ushairi iliwapokea Wajerumani na Amin. Kwa mwalimu hili ni jambo la manufaa kubwa, kwa sababu linamwezesha kuuliza maswali yale yale kwa matini mbili zilizotenganishwa na miongo mingi: nani anaitwa adui, nani anaitwa sisi, na nani hatajwi kabisa.

Lipo pia somo la mbinu. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliovikumbuka vita vya Maji Maji. Katika miaka hiyo hiyo familia za bonde la Rufiji zilikuwa zikifungasha vyombo. Kazi ya wanafunzi wale iliokoa ushahidi ambao miaka kumi baadaye usingepatikana, kwa kuwa vita walivyoviulizia vilikuwa vimepita kwa zaidi ya miaka 60. Walimu wa leo wako karibu zaidi na vita vya Kagera kuliko wanafunzi wale walivyokuwa karibu na Maji Maji. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa mwaka 1958. Bado anaweza kuulizwa, lakini si kwa muda mrefu.

5.0 Mafunzo ya walimu yafanane na nini?

Tanzania ina utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaofahamika kwa kifupi kama MEWAKA, ambamo walimu hukutana shuleni na katika vituo vya walimu ili kujadili ufundishaji wao. Utaratibu huo unafaa sana kwa kazi inayopendekezwa hapa, kwa sababu haumngojei mtaalamu kutoka mjini. Ugumu wake Kibiti ni wa kijiografia. Mwalimu wa Bungu au wa mji wa Kibiti anafika kituoni kwa barabara. Mwenzake wa Salale, Maparoni au Kiongoroni anategemea chombo, na chombo kinategemea maji kujaa na kupwa. Mafunzo yanayopangwa kwa kalenda ya ofisi bila kuitazama kalenda ya bahari huwaacha nje wale wale wanaoishi mahali ilipozama Königsberg. Shughuli za mafunzo zigawanywe, basi, ili kikundi cha walimu wa delta kiweze kuifanya kazi yake chenyewe na kuileta katika mkutano wa pamoja.

Kazi yenyewe inaweza kuwa na hatua nne. Katika hatua ya kwanza walimu wasikilize hotuba ya Novemba 1978, si kuisoma tu. Vituo, kicheko, hasira iliyozuiwa na marudio ya Nyerere havionekani katika maandishi, na hotuba hiyo ilitungwa kwa ajili ya sikio. Katika hatua ya pili waorodheshe maneno ya vita yaliyomo, kisha wayatafute katika Azimio la Arusha na katika kampeni ya mwaka 1983, wakiweka alama mahali neno linapotumika kwa maana halisi na mahali linapotumika kwa istiari. Katika hatua ya tatu kila mwalimu azungumze na mzee mmoja wa eneo lake kuhusu mwaka 1969 na mwaka 1978, na aandike maneno kama yalivyosemwa. Mzee akisema vita ya Kagera badala ya vita vya Kagera, asisahihishwe. Ngeli anayoitumia ni sehemu ya ushahidi wa jinsi lugha inavyosemwa. Akichanganya neno la Kindengereko, neno hilo libaki, lifafanuliwe pembeni. Katika hatua ya nne walimu walinganishe kauli za vitenzi: zipi zinatumika katika kitabu, zipi katika gazeti la wakati huo, zipi katika kinywa cha mzee.

Mwalimu aliyepita hatua hizo atarudi darasani na kitu ambacho kitabu cha kiada hakiwezi kumpa. Hatalazimika kuchagua kati ya kumsifu Rais na kumlaumu. Ataweza kuonyesha jinsi kiongozi aliyezijua nguvu za Kiswahili, na ambaye mwaka 1969 alitoa pia tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alivyoiunganisha nchi kwa maneno mbele ya uvamizi wa kweli. Na jinsi maneno ya jamii hiyo hiyo, yalipotumika wakati wa amani, yalivyomwia vigumu raia kusema kwamba hakubaliani.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza linahusu maadili. Somo linaitwa Historia ya Tanzania na Maadili, na wapo watakaosema kwamba kumpima Baba wa Taifa kwa viambishi ni kumpunguzia heshima na kuwapunguzia vijana uzalendo. Jibu linapatikana kwa Nyerere mwenyewe. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri waziwazi kwamba mengi yaliyokusudiwa hayakufikiwa. Mtu aliyeweza kuihoji kazi yake mbele ya taifa hahitaji kulindwa na mwalimu wa kidato cha pili. Isitoshe, uzalendo usiostahimili swali moja la sarufi una msingi mwembamba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linaihusu Kibiti moja kwa moja. Kati ya mwaka 2015 na 2017 nchi ya Kibiti, Rufiji na jirani zake ilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji, ya polisi na ya raia wengine. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa katika tukio moja. Novemba mwaka huo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka. Katika mazingira hayo, kumtaka mwalimu awaambie wanafunzi wakawaulize wazee kuhusu dola, nguvu na kuhamishwa kunaweza kuonekana ni kumtafutia matatizo. Watu waliojifunza kwamba neno lina hatari hawafungui vinywa kwa sababu mtaala umebadilika.

Pingamizi hilo lisipuuzwe. Mwalimu asitumwe peke yake. Kazi ya kukusanya masimulizi ifanywe kwa uwazi, kwa barua ya ofisi ya elimu, kwa idhini ya msimulizi, na bila kuandika jina la asiyetaka kuandikwa. Miaka ya 1969 na 1978 iko mbali kiasi cha kuzungumzika, na hilo ni sababu ya kuanza nayo. Hata hivyo, hofu hiyo yenyewe inaonyesha umuhimu wa kazi. Katika eneo ambalo watoto wamekua wakisikia maneno operesheni, adui na ulinzi bila kufafanuliwa, darasa la historia ni mojawapo ya mahali pachache ambapo maneno hayo yanaweza kuwekwa mezani na kuchambuliwa kwa utulivu, yakiwa na tarehe na muktadha wake.

7.0 Hitimisho

Jina la Nyerere sasa limo katika mto wenyewe. Bwawa la kufua umeme lililojengwa juu ya bonde, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaitwa kwa jina lake. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mwaka 2024 mafuriko yalizikumba tena Rufiji na Kibiti, na suala la watu kuondoka bondeni likarudi vinywani, pamoja na vitenzi vyake vyote: kuhama, kuhamia, kuhamishwa. Wanafunzi walioanza somo jipya la historia mwaka huo waliyasikia maneno hayo nyumbani wiki zile zile walipokuwa wakiyasoma darasani.

Mwalimu aliyeandaliwa kwa orodha ya istilahi atawapa wanafunzi hao tarehe za vita vya Kagera na majina ya makamanda, nao watazikumbuka hadi siku ya mtihani. Mwalimu aliyeandaliwa kusikiliza Kiswahili cha Rais wa vita, na Kiswahili cha mzee anayeshuka dunguni kuamia mpunga, atawafundisha kutambua ni nani mtenda na ni nani mtendwa katika sentensi yoyote wanayoambiwa na yeyote mwenye mamlaka. Ujuzi huo hauishi na mtihani. Vyuo vya ualimu, idara za Kiswahili na idara za historia vina wajibu wa kuuandaa kwa pamoja, na vina wajibu wa kufanya hivyo wakati wasimulizi wa mwaka 1969 na 1978 wangali wakiweza kusema.